Kipa wa akiba

Kipa wa akiba ni mlinda mlango anayekaa benchi akisubiri kipa namba moja aumie, aadhibiwe au ashuke kiwango. Sheria za soka haziruhusu timu kucheza bila kipa, na nafasi yake uwanjani ni moja tu. Kwa hiyo winga wa akiba anaweza kuingia karibu kila wiki, lakini kipa wa akiba anaweza kumaliza msimu mzima bila kugusa mpira wa mechi.

Ndivyo ilivyo pia Kanda ya Ziwa ya Tanzania, kwa Stand United ya Shinyanga, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi, na Geita Gold, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2021/22. Mazoezini kipa wa akiba hudaka mashuti kama kipa namba moja. Siku ya mechi humsaidia mwenzake kupasha moto, kisha hurudi benchi.

Mfano mkubwa nchini ni Ally Salim. Aprili 2023, akiwa kipa wa tatu wa klabu ya Simba nyuma ya Aishi Manula na Beno Kakolanya, alisimama langoni Simba ilipoifunga Yanga 2-0, kisha Wydad Casablanca 1-0 katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Katika futiboli ya Marekani, nafasi inayofanana na ya kipa wa akiba ni ya kwotabeki wa akiba, yaani mbadala wa mchezaji anayeongoza mashambulizi. Nick Foles aliingia baada ya Carson Wentz kuumia, akaipa timu ya Philadelphia Eagles ubingwa katika fainali ya Super Bowl Februari 2018.

Tukirudi Tanzania, Agosti 2023, mjini Tanga, Ally Salim aliokoa penalti tatu za Yanga, Simba ikatwaa Ngao ya Jamii.