Ganda la Shayiri na Mfuko wa Kuchujia: Historia ya Kifaa Kimoja katika Upishi wa Pombe ya Nafaka Nyumbani

Katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, wapishi wa bia wa majumbani nchini Australia walianza kueneza njia iliyowashangaza wenzao wa Ulaya na Marekani kwa wepesi wake. Badala ya vyombo vitatu vilivyozoeleka, yaani cha kuchemshia maji, cha kulowekea kimea na cha kuchemshia maji matamu yaliyochujwa, walibakiza sufuria moja na mfuko wa kitambaa chenye matundu madogo. Kimea kilichopaazwa hutiwa mfukoni, mfuko ukatumbukizwa katika maji yenye joto la nyuzi 65 hadi 68 za Selsiasi kwa muda wa saa moja hivi, kisha ukainuliwa na kukamuliwa. Machicha hubaki ndani ya mfuko. Maji matamu hubaki sufuriani, tayari kuchemshwa pamoja na hopsi, kupozwa na kutiwa hamira.

Anayetaka kupata lita 20 za bia kwa njia hiyo huhitaji kilo 4 hadi 5 za kimea cha shayiri, sufuria ya lita 35 au 40, kipimajoto, chombo cha kuchachishia chenye kifuniko, na mfuko mpana wa kutosha kuzunguka kuta za sufuria yote. Katika vifaa hivyo, mfuko ndio unaodai uangalifu zaidi. Matundu yakiwa mapana mno, unga hupenya; yakiwa membamba mno, maji hayashuki na mpishi hujikuta ameshika mzigo mzito unaovuja polepole. Mshono dhaifu hupasuka wakati wa kuinua. Mfuko unaogusa kitako cha sufuria huungua moto unapochochewa.

Miongozo mingi huuita mfuko huo njia ya mkato, au kifaa cha mwanafunzi atakayenunua vyombo kamili baadaye. Kwa shayiri, maelezo hayo yana ukweli. Kwa nafaka za Afrika Mashariki hayana, na sababu yake imo katika maumbile ya punje.

Punje ya shayiri hupurwa ikiwa bado na ganda lake. Kimea chake kinapopaazwa, maganda hubaki makubwa kiasi, na yanapotua chini ya chombo hujipanga kuwa tabaka linalopitisha maji na kuzuia unga. Mpishi wa Ulaya alihitaji tu chombo chenye kitako cha pili kilichotobolewa. Kazi ya kuchuja ilifanywa na nafaka yenyewe. Kiwanda cha bia cha Ulaya, pamoja na majina yote ya mitambo yake, kimejengwa juu ya ganda hilo. Mtama na ulezi hutoka kwenye kupurwa bila ganda la namna hiyo. Rojo lake halina cha kujichujia. Aliyepika pombe ya mtama au ulezi ilimlazimu ama asuke kichujio, ama amwachie mnywaji kazi ya kuchuja.

Suluhisho zote mbili zimekuwapo katika eneo hili. Miongoni mwa Wateso wa Uganda na Kenya, pombe ya ulezi huwekwa katika mtungi mmoja pamoja na machicha yake, ikaongezwa maji ya moto, na wanywaji huifyonza kwa mirija mirefu ambayo ncha zake zimevikwa kichujio kidogo cha kusuka. Hapa kifaa cha kuchujia ni mali ya mnywaji. Mrija huo huitwa oluseke kwa Kiganda na lusekhe kwa Kibukusu, maneno ambayo kwa hakika ni ndugu. Nchini Burundi, ambako pombe ya mtama iitwayo impeke nayo hunywewa kwa mirija kutoka chombo kimoja, mrija ni umuheha, neno la asili nyingine. Tofauti hiyo yatosha kuonyesha kwamba kifaa kimoja kinaweza kuenea katika eneo pana bila jina lake kusafiri nacho.

Suluhisho la pili ni kukamua kabla ya kunywa. Busaa ya magharibi mwa Kenya ni mfano mzuri. Unga wa mahindi hulowekwa na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa, hukaangwa juu ya bati hadi uwe na rangi ya kahawia, kisha huchanganywa na maji na kimea cha wimbi. Baada ya kuchacha tena, rojo hupitishwa katika kitambaa au gunia na kukamuliwa kwa mikono. Wachaga wa Kilimanjaro hupika uji wa kimea cha ulezi na kuuchanganya na maji ya ndizi zilizopikwa, zikachachushwa na kuchujwa. Uchungu wa mbege hutokana na gome la msesewe, ambalo kwa kazi yake ni mwenzake hopsi.

Katika mapishi haya upo mpangilio ambao mgeni wa mbinu ya mfuko asipouelewa ataharibu nafaka yake. Wanga wa shayiri hulainika katika joto lile lile ambalo vimeng'enya vya kimea hufanya kazi vizuri, na ndiyo maana loweko moja la nyuzi 65 latosha. Wanga wa mtama na mahindi kwa kawaida hudai joto kubwa zaidi, ambalo vimeng'enya hivyo havilistahimili. Hivyo nafaka hupikwa kwanza, iwe kwa kukaangwa au kwa kufanywa uji, na kimea huongezwa joto likishapungua. Mfuko wa Australia unaotiwa kimea cha mtama kitupu kwa kufuata mwongozo wa shayiri utatoa maji yenye utamu hafifu, na lawama itamwangukia mpishi au nafaka, ilhali kosa ni la mwongozo.

Msamiati wa Kiswahili umeihifadhi historia hii kwa namna ambayo haijatazamwa ipasavyo. Majina ya vyombo vikubwa yamepokewa kutoka ng'ambo: sufuria kutoka Kiarabu, pipa kutoka Kireno, debe na gunia kutoka lugha za Bara Hindi. Vyombo hivi vilikuja na biashara vikasukuma kando chungu na mtungi. Lakini upande wa kuchuja, maneno ni ya Kibantu kitupu: kung'uto, kifumbu, chujio, kukamua. Kimea chenyewe ni kile kilichomea. Kifumbu, kikapu kidogo cha kusuka cha kukamulia tui la nazi, ni mfuko wa kuchujia kwa kila kigezo: hutiwa kitu kilichosagwa au kukunwa, hutiwa maji, husokotwa, na machicha hubaki ndani. Neno machicha lenyewe huunganisha jiko la Pwani na kilabu cha pombe cha bara, kwa kuwa hutumika kwa nazi iliyokamuliwa na kwa masalia ya kimea yanayolishwa mifugo. Inaelekea kwamba chombo cha kupikia kilibadilika kila mfanyabiashara alipoleta kingine, ila ujuzi wa kuchuja haukuwa na sababu ya kupokewa kutoka kwa yeyote. (Debe la mafuta ya taa, kwa ujazo wake wa takriban lita 18, linakaribiana sana na kipimo cha lita 20 ambacho wapishi wa nyumbani wa Ulaya na Marekani hukifuata hadi leo.)

Gunia lilipokuwa la katani, hatari yake haikuwa kubwa. Mifuko ya plastiki iliyosukwa ilipochukua nafasi yake, mpishi maskini alipata kichujio chepesi, cha bei ndogo na kinachokauka haraka, lakini huenda mfuko huo uliwahi kubeba mbolea au dawa za mimea. Hapo ndipo uchaguzi wa kifaa unapokuwa suala la afya ya umma. Kitambaa cha poliesta au nailoni kilichofumwa kwa ajili ya chakula, kikachemshwa kabla na baada ya kazi, ni badiliko dogo ambalo ofisa wa afya angeweza kulieleza katika dakika tano.

Maelezo ya namna hiyo hayatarajiwi kutoka katika sheria, kwa sababu sheria za eneo hili zimemtazama mpishi wa nyumbani kwa jicho la leseni na marufuku. Uingereza iliondoa sharti la leseni kwa mpishi wa bia ya nyumbani mwaka 1963, na Marekani ikafuata mwaka 1978. Soko la vifaa vya nyumbani lilistawi baada ya hapo. Afrika Mashariki ilielekea kwingine. Uganda ilipitisha Sheria ya Enguli mwaka 1965, Tanzania Sheria ya Vileo mwaka 1968, na Kenya ikapiga marufuku chang'aa mwaka 1980 hadi sheria ya udhibiti wa vileo ya 2010 ilipoifuta marufuku hiyo. Katika mjadala wote huo, kinywaji kilichokerekwa na kile kilichochachushwa tu vimewekwa mara nyingi katika kapu moja la “pombe ya kienyeji”. Jina hilo halisemi chochote kuhusu nafaka wala kifaa, nalo limewafaa zaidi wakusanya ushuru kuliko wapishi.

Tangu Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021, kazi ya kutafsiri sheria na kanuni imeongezeka, na za vileo na usalama wa chakula zimo. Mfasiri anayekutana na istilahi za kiwanda cha shayiri hushawishika kuzitohoa zote. Kwa hopsi hana budi. Kwa maji matamu yaliyokamuliwa kabla ya kutiwa hamira, togwa inastahili kufikiriwa, ijapokuwa togwa ya kawaida huwa nzito na huenda imeanza kuchachuka; neno hilo tayari linabeba wazo la kimea kilichotoa utamu wake bila kuwa kileo. Kwa mfuko wenyewe, “kifumbu cha kimea” kingeeleweka Tanga, na “mfuko wa kukamulia” Kakamega na Bujumbura. Lililo zito zaidi ni kanuni inayomdai mzalishaji mdogo awe na chombo chenye kitako kilichotobolewa. Kanuni ya namna hiyo, hata ikiandikwa kwa Kiswahili fasaha, humdai mpishi wa ulezi kifaa ambacho nafaka yake haiwezi kukitumia.