Sura Iliyokataliwa: Historia ya Kumthibitisha Mtu kwa Picha Yake

Kufungua akaunti ya benki, ya mkopo au ya huduma ya serikali kwa njia ya simu kumekuja na sharti ambalo vizazi vilivyotangulia havikulijua: mwombaji hupiga picha ya kitambulisho chake, kisha huishika simu mbele ya uso na kuagizwa ageuze kichwa, apepese macho au asogee karibu, ili programu ilinganishe sura iliyo hai na ile iliyochapwa kwenye kadi. Ulinganisho ukishindikana, maelekezo yanayotokea kwenye kioo cha simu huwa yaleyale karibu kila mahali, kwamba avue miwani, atafute mwanga, afute lenzi, ajaribu tena. Maelekezo hayo yana manufaa, na sababu zake zinaelezeka. Lakini yote humwelekea mwombaji, wala hayasemi lolote kuhusu chombo kinachompima. Mgawanyo huo wa lawama haukuanza na simu. Ulijengeka kwa zaidi ya karne moja katika ofisi za polisi, mashamba ya walowezi, viwanda vya filamu na maabara za kompyuta, na historia yake inaonyesha kwamba mara nyingi kasoro ilikuwa katika kipimo, huku gharama ikibebwa na aliyepimwa.

Mmoja wa watu wa mwanzo waliojaribu kuugeuza mwili wa binadamu kuwa kumbukumbu ya ofisini alikuwa Alphonse Bertillon, karani wa polisi wa Paris, ambaye tangu mwaka 1879 alianza kubuni utaratibu wa kupima urefu wa kichwa, wa kidole cha kati, wa mguu wa kushoto na wa viungo vingine vya watu waliokamatwa. Polisi wa Paris walikuwa na maelfu ya picha za wahalifu, ila picha hizo hazikuwasaidia sana, kwa sababu zilipangwa kwa majina, na mhalifu aliyebadili jina alikuwa amejificha tayari. Bertillon alitambua pia kwamba picha mbili za mtu mmoja zikipigwa katika mwanga tofauti na kwa umbali tofauti huweza kuonekana kama za watu wawili, na kwa hiyo aliweka kanuni kali: kiti maalumu, umbali uliopimwa, mwanga usiobadilika, picha moja ya mbele na nyingine ya ubavu. Jambo hili linastahili kukumbukwa, kwa maana katika ofisi ya Bertillon wajibu wa kuiweka sawa picha ulikuwa wa ofisi yenyewe. Aliyekaa kwenye kiti hakutakiwa kujua lolote kuhusu taa.

Alama za vidole, ambazo hatimaye ziliuondoa utaratibu huo wa vipimo, zilipitia njia nyingine. William Herschel, ofisa wa Uingereza huko Bengal, alianza kuchukua alama za mkono kwenye mkataba mwaka 1858; Edward Henry, akisaidiwa na maofisa wa Kihindi Azizul Haque na Hem Chandra Bose, akapata namna ya kuzipanga katika makundi ili zitafutike kwa haraka, na mwaka 1901 polisi wa London wakaanza kuutumia mpango huo. Chombo kilichokomazwa kwa watawaliwa wa koloni moja kilikuwa sasa tayari kupelekwa katika koloni nyingine.

Katika Kenya, sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na kipande, yaani karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara na tarehe za kuanza na kumaliza kazi, ambayo ilihifadhiwa ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Mwajiri asipotia saini kwamba mfanyakazi ameachishwa, mfanyakazi huyo hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali, na akitoroka, kumbukumbu za alama za vidole zilitumika kumfuatilia. Kukosa kipande lilikuwa kosa la jinai. Hasira dhidi ya kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara ndiyo iliyomkusanyia Harry Thuku wafuasi mwaka 1921, na alipokamatwa Machi 1922, umati uliodai aachiliwe mjini Nairobi ulimiminiwa risasi na watu wengi wakauawa, miongoni mwao Muthoni Nyanjiru.

Mwaka 1947 sheria mpya iliwataka watu wa rangi zote waandikishwe, na hapo ndipo picha ilipoingia katika mjadala kwa namna inayofichua mengi. Walowezi wa Kizungu waliona kuchukuliwa alama za vidole kuwa fedheha, wakapinga kwa nguvu. Tume iliyoongozwa na Bertrand Glancy ikapendekeza kwamba mtu aliyeweza kujaza fomu kwa Kiingereza aruhusiwe kutoa saini na picha badala ya alama hizo. Hivyo picha ya sura, ambayo leo hudaiwa kwa kila mtu kwa jina la usalama, iliingia katika uandikishaji wa Kenya kama heshima ya waliosoma na wenye uwezo, nayo alama ya kidole ikabaki kuwa fungu la vibarua.

Huko Afrika Kusini picha ilikuwa silaha ya wazi zaidi. Sheria ya mwaka 1952 iliwalazimisha Waafrika kubeba kitabu cha pasi chenye picha na taarifa za kazi zao, na ni katika maandamano ya kupinga pasi hizo ndipo polisi walipoua watu 69 huko Sharpeville tarehe 21 Machi 1960. Mwaka 1970 Caroline Hunter na Ken Williams, wafanyakazi wa kampuni ya Polaroid huko Massachusetts, waligundua kwamba vifaa vya mwajiri wao vilikuwa vikitumika kutengenezea vitambulisho vya utawala wa ubaguzi wa rangi wa nchi hiyo. Kimojawapo kilikuwa mtambo wa ID-2, uliotoa kitambulisho kamili kwa muda wa dakika chache, na uliokuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Wafanyakazi hao wawili walianzisha vuguvugu la kuisusia kampuni, wakapoteza ajira zao, na mwaka 1977 Polaroid ikaondoka Afrika Kusini.

Kitufe hicho cha flashi kinahitaji maelezo, kwa sababu kinagusa kiini cha matatizo ya leo. Ngozi nyeusi hufyonza sehemu kubwa zaidi ya mwanga na kurudisha kidogo, kwa hiyo filamu iliyopewa muda na mwanga wa kutosha kwa ngozi nyeupe huonyesha uso mweusi kama kivuli chenye macho na meno tu. Hilo si kosa la ngozi. Filamu za rangi zilitengenezwa, na maabara za kusafishia picha zikarekebishwa, kwa kufuata kadi ya kipimo ya Kodak yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley na kutumika kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1950. Rangi zilihesabiwa kuwa sahihi pale ngozi ya mwanamke huyo ilipoonekana sahihi. Mtafiti Lorna Roth ameonyesha kwamba msukumo wa kuifanya filamu ishike vizuri rangi za kahawia ulitoka kwa kiasi kikubwa kwa wauzaji wa chokoleti na samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazipendezi katika matangazo. Familia nyingi za watu weusi zilikuwa zimeona picha za watoto wao zikipotea gizani kwa muda mrefu kabla ya chokoleti kupata mtetezi, na ni vigumu kuusoma ukweli huo bila uchungu.

Kompyuta iliurithi ulimwengu huo wa picha. Kati ya mwaka 1964 na 1966 Woodrow Bledsoe, pamoja na Helen Chan Wolf na Charles Bisson, walifanya majaribio huko Palo Alto, California, ambamo mtu alionyesha kwa kalamu ya kielektroniki mahali zilipo pembe za macho, za mdomo na sehemu nyingine za uso katika kila picha, kisha mashine ikakokotoa umbali baina ya sehemu hizo na kuulinganisha na kumbukumbu zake. Bledsoe mwenyewe aliyataja bayana matatizo yaliyomsumbua: kichwa kilichogeuka au kuinama, mwanga uliobadilika, sura iliyokunjwa au kucheka, na umri uliosonga. Miaka sitini imepita na orodha hiyo ingali ndiyo ile inayotolewa kwa mwombaji aliyekataliwa. Takeo Kanade wa Kyoto aliifanya kompyuta itafute sehemu za uso yenyewe mwaka 1973, na mwaka 1991 Matthew Turk na Alex Pentland wa MIT wakaitazama sura nzima kama mchanganyiko wa mikondo ya kivuli na mwanga. Mwaka 2014 watafiti wa Facebook walitangaza mfumo uliofundishwa kwa picha milioni nne, ambao ulipatia kwa asilimia 97.35 katika mtihani maarufu wa kulinganisha sura. Mtihani huo ulikuwa mkusanyiko wa picha za habari uliotolewa mwaka 2007, na watu waliokuwamo, kwa makadirio yaliyofanywa baadaye, walikuwa wanaume kwa zaidi ya robo tatu na Wazungu kwa zaidi ya asilimia 80. Kadi ya Shirley ilikuwa imerudi kwa umbo jingine.

Mifumo ya namna hii haitoi jibu la ndiyo au hapana kwa asili yake. Hugeuza kila sura kuwa safu ndefu ya namba, hupima jinsi safu mbili zinavyokaribiana, kisha hulinganisha ukaribu huo na kizingiti, yaani kiwango kilichowekwa na binadamu ambacho chini yake mtu hukataliwa. Kizingiti kikipandishwa, walaghai wachache hupita lakini wenye haki wengi hukwama. Kikishushwa, mambo huwa kinyume. Kwa hiyo nyuma ya kila ujumbe wa kukataliwa upo uamuzi wa kibiashara kuhusu nani abebe hasara, ingawa ujumbe wenyewe husomeka kana kwamba ni tabia ya mwanga wa chumbani.

Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti uliozipima programu za kampuni tatu kwa nyuso 1,270 za wabunge wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Iceland, Finland na Sweden. Kazi iliyopimwa ilikuwa kubashiri jinsia, wala si kuthibitisha mtu, lakini tofauti zilizoonekana zilitikisa fani nzima: kwa wanawake wenye ngozi nyeusi kosa lilifika asilimia 34.7, ilhali kwa wanaume wenye ngozi nyeupe halikuzidi asilimia 0.8. Mwishoni mwa mwaka 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima programu 189 kwa picha zaidi ya milioni 18. Katika kulinganisha sura na sura, programu nyingi ziliwachanganya watu wa Afrika Mashariki na Magharibi na wa Asia Mashariki mara 10 hadi 100 zaidi, na katika picha duni za mipakani, waliozaliwa Afrika na Karibi walikataliwa kimakosa mara nyingi zaidi. Baadhi ya programu zilizotengenezwa China, hata hivyo, hazikuwa na udhaifu huo kwa nyuso za Asia Mashariki, jambo linaloashiria kwamba tatizo hutegemea sana nyuso ambazo mashine ilifundishwa nazo.

Katika mazingira hayo, ushauri unaotolewa kwa mwombaji hupata maana kamili zaidi. Kusimama na dirisha nyuma ya mgongo huharibu ulinganisho kwa sababu kamera hupima mwanga wa picha nzima na kuupunguza, na uso hugeuka giza. Ukuta mweupe mno huweza kufanya vivyo hivyo kwa mtu mweusi, ijapokuwa mara nyingi ndio unaopendekezwa. Mwanga unaotoka mbele na kuenea pande zote mbili za uso hufaa kuliko taa iliyo juu ya kichwa, ambayo hutia kivuli machoni. Kadi ya plastiki ipigwe picha bila mng'ao. Picha ya kitambulisho ikiwa ya miaka mingi, au ilichapwa ndogo na hafifu, hakuna mwanga utakaoiponya, na hapo njia ya maana ni kuomba kitambulisho kipya au kuhudumiwa na mtu. Agizo la kugeuza kichwa au kupepesa macho linatafuta uhakika kwamba mbele ya kamera yupo mtu hai badala ya picha iliyochapwa, nalo hushindwa kwa simu yenye kamera dhaifu au mtandao unaokatika hata kama sura ni ileile.

Gharama ya kukataliwa imekwisha kuonekana mahakamani na ofisini. Nchini Uingereza, dereva mweusi wa Uber Eats ambaye akaunti yake ilifungwa mwaka 2021 baada ya mfumo kudai kwamba sura zake hazilingani alilipwa fidia kwa makubaliano mwaka 2024. Nchini Marekani, idara ya kodi ilitangaza Februari 2022 kwamba inaachana na mpango wa kuwalazimisha walipa kodi kupiga picha za uso ili wafungue akaunti. Tanzania ilipoagiza laini zote za simu zisajiliwe kwa alama za vidole kuanzia Mei 2019, ugumu wa aina hiyohiyo ulikuwa kwenye ncha za vidole, kwa kuwa jembe, saruji na umri hufuta mistari ambayo mashine inaitafuta. Waliotoa jasho zaidi ndio waliosomeka kwa shida zaidi.

Kenya, nchi ya kipande, ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka huohuo wa 2019. Kifungu chake cha 35 kinampa mtu haki ya kutotawaliwa na uamuzi uliofanywa na mashine pekee pale uamuzi huo unapomwathiri kisheria au kwa uzito mkubwa, na kinamruhusu kuomba uamuzi ufikiriwe upya au ufanywe mwingine usiotegemea mashine tu. Mwombaji ambaye sura yake imekataliwa na programu anaweza kuisimamia haki hiyo kwa maandishi, akaeleza kwamba amefuata maelekezo, na akadai kwamba kadi yake na uso wake vitazamwe na ofisa mwenye jina na dhamana.