Kuchaji Betri Ndani ya Nyumba: Tundu la Hewa Liwe Juu

Wananchi wanaochaji betri za umeme jua, magari au boti katika stoo, vibanda na makasha yaliyofungwa wanapaswa kuhakikisha kuwa sehemu hizo zina njia ya kutolea hewa karibu na dari. Hatari kubwa ya kazi hiyo haitokani na umeme wenyewe, bali na gesi isiyoonekana ambayo betri hutoa inapokaribia kujaa.

Suala hili linawahusu kwa karibu wakazi wa Kata ya Kilakala, Manispaa ya Morogoro, na wa vijiji vya miteremko ya Milima ya Uluguru. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mawingu hupunguza nguvu ya paneli za jua, na betri ambayo haikujaa mchana hulazimika kuchajiwa kwa chaja ya umeme wa gridi au kupelekwa kwenye kibanda cha kuchajia. Mvua, baridi ya usiku na hofu ya wizi humfanya mwenye betri aiingize ndani na kufunga mlango na madirisha. Hapo ndipo tatizo linapoanza.

Betri ya kawaida ya risasi na tindikali ya volti 12 ina seli sita. Chaji inapokaribia kukamilika, takriban volti 14.4, umeme unaoendelea kuingia huanza kutenganisha maji yaliyomo kuwa oksijeni na haidrojeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu, ni nyepesi kuliko hewa takriban mara 14, na hulipuka kwa cheche ndogo ikifikia asilimia 4 tu ya hewa iliyopo.

Betri iliyojaa, ikiwa imeunganishwa na chaja isiyojizima inayosukuma ampea 10, inaweza kutoa takriban lita 25 za haidrojeni kwa saa moja. Ndani ya kasha lililozibwa lenye ujazo wa lita 200, lita 8 zinatosha kufikia kiwango cha kulipuka, yaani chini ya nusu saa. Chumba kikubwa huchukua muda mrefu zaidi, lakini gesi hupanda na kujikusanya chini ya dari, hivyo ukubwa wa chumba pekee si kinga ya kutegemewa.

Kwa sababu hiyo, kutoboa matundu ya chini peke yake, kama ilivyozoeleka kwa makasha mengi ya mbao, hakusaidii vya kutosha. Tundu la chini huingiza hewa safi. La juu kabisa ndilo linalotoa gesi, nalo lielekee nje ya nyumba, si kwenye chumba cha kulala. Swichi, soketi, taa na chaja yenyewe visiwekwe juu ya betri wala ndani ya kasha lake. Kanuni ni hiyo hiyo kwa wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria, ambao wengi wameacha karabai na kutumia taa za betri: sanduku la betri ndani ya boti lifunguliwe kabla ya kuchaji, na lisifungwe mara tu baada ya kumaliza.

Chaja izimwe kwanza ndipo vibanio viondolewe, kwa kuwa kuvichomoa umeme ukiwa unapita huzusha cheche karibu kabisa na gesi. Sigara, kibatari na jiko la mkaa visiwepo karibu. Betri zinazoongezwa maji ziongezwe maji yasiyo na madini yanayouzwa katika maduka ya vipuri, si ya bomba. Harufu ya mayai viza au betri kuwa moto kupita kiasi ni ishara ya kuzima chaja, kufungua milango na kuondoka humo. Jenereta isiwashwe ndani kwa hali yoyote. Moshi wake una gesi ya sumu inayoua bila onyo.

Betri za lithiamu, zikiwemo za pikipiki za umeme, hazitoi haidrojeni zikichajiwa kwa kawaida. Hata hivyo, iliyovimba au kupasuka inaweza kushika moto ambao ni mgumu kuzima, hivyo itumike chaja yake tu na isichajiwe kwenye njia ya kutokea nje ya nyumba.

Ufungaji wa nyaya za chumba cha betri ufanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Tindikali ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Moto ukitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Betri chakavu zisipasuliwe nyumbani wala tindikali yake kumwagwa mtaroni. Maji ya Mto Morogoro huingia Ngerengere na hatimaye Ruvu, mto unaotegemewa na wakazi wa Pwani na Dar es Salaam kwa maji ya kunywa.