Fukusi Aliyeachwa Nyuma

Kama umewahi kula maharage yaliyoungwa kwa mawese ya Kigoma, basi mchikichi unaujua. Ni mti wa Afrika. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa katika bustani ya Wadachi huko Bogor, Java, na kizazi chake kikatapakaa Asia. Mwaka 1917 Mfaransa Henri Fauconnier akafungua shamba la kwanza la biashara kule Selangor, Malaya. (Mwandishi mwenzetu huyo! Mwaka 1930 riwaya yake, Malaisie, ilitwaa tuzo ya Goncourt.)

Ila kuna kitu walikisahau.

Mchikichi mmoja hutoa maua dume kwa kipindi, kisha maua jike kwa kipindi kingine. Kwa hiyo ua jike hungoja chavua ya mti wa jirani, na lenyewe hupokea kwa siku mbili tatu tu. Chavua nayo si ya kuweka kabatini; ikikaa siku chache ovyo, imekufa. Huko Malaya mikungu mingi ilitoka na mapengo kama mdomo wa kibogoyo. Ikabidi vibarua wapite mti kwa mti wakipuliza chavua iliyochanganywa na poda. Kazi ya kutwa, jua kali, kesho tena. Si mchezo.

Wataalamu walishikilia kwamba mchikichi huchavushwa na upepo. Leslie Davidson, Mskoti aliyewahi kufanya kazi Kameruni, alikuwa ameona wadudu wamejazana kwenye maua kule. Alipohamia Malaysia hakuwaona. Akasema, mwanzoni nani amsikilize?

Baadaye ndipo Rahman Syed, mtaalamu wa wadudu kutoka Pakistani, akapelekwa Kameruni. Akamkuta fukusi mdogo, Elaeidobius kamerunicus, anayekula na kuzaliana kwenye ua dume. Ua jike linapokomaa hutoa harufu inayofanana. Fukusi anadanganyika, anaingia akiwa na chavua mwilini, hapati kitu, anaondoka. Kazi imekwisha!

Walipima kwanza kama angeshambulia mimea mingine. Februari 1981 wakamwachia Johor. Akazaana, akaenea, mikungu ikajaa, na kazi ya kupuliza ikafa.

Davidson na Syed tunawataja kwa majina. Waliopuliza chavua miaka yote ile, historia inawaita vibarua tu.