Mkahawa wa Mangrove

Mikoko ni miti tuijuayo sana pwani kwetu. Jina la mti huo kwa Kiingereza, Mangrove, ndilo alilolichagua Bwana Frank Crichlow, mtu mweusi mzaliwa wa Trinidad, alipofungua mkahawa katika Notting Hill, mjini London, mwaka 1968. Habari za mkahawa huo zilifanywa mchezo wa sinema na Bwana Steve McQueen, ukatoka mwaka 2020.

Toka Januari 1969 hata Julai 1970 askari polisi waliuvamia mkahawa ule mara 12, wakisema watafuta bangi, wala hawakuiona. Mtu aweza kustahimili kupekuliwa mara moja. Lakini mara 12! Wateja hukimbia, na mwenye mali hana pa kushtaki, kwa kuwa wa kuwashtakia ndio hao hao. Katika picha, askari wakiisha kuondoka, twaonyeshwa kitu kimoja tu: chujio la jikoni lililoanguka, layumbayumba sakafuni muda mrefu, na hakuna asemaye neno. Hapo mtazamaji aelewa.

Tarehe 9 Agosti 1970 watu wapata 150 waliandamana, wakapambana na askari. Hakimu wa kwanza aliliondoa shtaka la kufanya ghasia, lakini waendesha mashtaka wakalirudisha, na watu 9 wakasimamishwa katika baraza kuu la Old Bailey mwaka 1971, kwa siku 55.

Bwana Darcus Howe na Bibi Altheia Jones-LeCointe walikataa kusemewa na wakili. Wakaishika Hati Kuu ya mwaka 1215, iliyotiwa muhuri na Mfalme Yohana wa Uingereza, isemayo kwamba mtu huru ahukumiwe na watu walio sawa naye; wakataka waamuzi wote 12 wawe watu weusi. Hawakupewa. Basi washtakiwa wakatumia haki yao ya kukataa waamuzi, wakawakataa watu 63, hata wakapata weusi wawili. Askari walipodai kwamba waliona yote kwa kuchungulia katika tundu la gari, Bwana Howe akaonyesha jinsi tundu lile lilivyokuwa dogo.

Wako wasemao kwamba picha za namna hii huchochea ugomvi. Sisi hatuoni hivyo. Hata Mtume Paulo, alipopigwa Filipi pasipo kuhukumiwa, naye ni Mrumi, hakukubali kutolewa kwa siri. Aliwataka wakuu waje wenyewe. Watu hawa nao walisimama juu ya sheria ya nchi.

Wote 9 walionekana hawana hatia ya ghasia, na watano wakaachiliwa kabisa. Hakimu Edward Clarke akasema kwamba chuki ya rangi ilionekana pande zote mbili, neno lililowaudhi sana wakuu wa polisi. Hata hivyo askari hawakumwacha Bwana Crichlow. Mwaka 1992 polisi walimlipa pauni 50,000 kwa mashtaka mengine yasiyo ya haki. Alifariki mwaka 2010.