Bundi wa Itombwe na wale wanaojua njia

Wasikilizaji wetu wa Bukavu, na ninyi ndugu mliohama kutoka milima ya juu,  kiangazi kimeingia. Hapa mjini tunavaa makoti asubuhi, lakini yule aliyelala Minembwe, Bijombo au Mikenge mwezi wa saba ndiye anajua baridi ya kweli. Leo tuzungumze historia ya milima hiyo ya Itombwe.

Huko Uvira, maji ya ziwa Tanganyika yako meta 773 juu ya bahari. Ukitazama upande wa magharibi, milima inapanda ghafla, na kilele cha Mohi kinafika meta 3475. Kwenye miteremko kuna pori na mianzi. Juu kabisa ni majani matupu na upepo. Gari haifiki sehemu nyingi. Watu wanatembea kwa miguu.

Wakati wa Wabelgiji, Alexandre Prigogine alikuwa akifanya kazi katika migodi ya Kivu, huku akichunguza ndege. Mwaka wa 1951, mahali panapoitwa Muusi, alipatikana bundi mdogo ambaye wataalamu hawakumjua. Mwaka uliofuata akapewa jina la Prigogine. Tangu hapo wakamtafuta mwingine, wasimpate. Prigogine aliandika juu ya ndege wa Itombwe kwa miaka mingi, na leo wanahesabiwa aina zaidi ya 500. Alifariki mwaka wa 1991 bila bundi wa pili kupatikana.

Mwezi wa tano 1996, watafiti waliotega nyavu huko Itombwe walimnasa jike akiwa hai. Walimpiga picha, wakamwachilia. Miaka 45 ilikuwa imepita! Lakini mwezi wa kumi mwaka huohuo vita vilifika Uvira na Bukavu, na milima ikafungwa kwa watafiti.

Mwaka wa 2006 serikali ilitangaza Itombwe kuwa hifadhi. Wakaaji waliuliza: mipaka iko wapi, na mashamba yetu je? Ilibidi kukaa nao miaka mingi kuzungumzia mipaka hiyo. Kisha mwaka wa 2012, Chifundera Kusamba wa kituo cha Lwiro, hapa karibu, pamoja na Mmarekani Eli Greenbaum, walitangaza kwamba wameona tena aina nne za vyura zilizokuwa zimepotea machoni pa wataalamu.

Vitabu vinasema viumbe hao "waligunduliwa". Lakini mgeni hapandi Itombwe peke yake. Kuna aliyemwonyesha kivuko, aliyembebea mzigo, aliyemwambia ndege fulani analia wapi. Watu hao ni Wabembe, Warega, Wanyindu, Wafuliru, Wavira, Wanyamulenge na Watwa. Bundi hakupewa jina la hata mmoja wao.

Leo wengi wenye ujuzi huo wako mbali na milima, katika kambi au katika nyumba za jamaa. Watoto wao wanakua bila kujua hata njia ya kwenda kisimani kwa babu. Nyumba inaweza kujengwa upya. Jina la mto likisahauliwa, nani atalirudisha?

Basi baba, mama, jioni ya leo mkiota moto, mtajieni mtoto majina ya mito, ya vilima na ya ndege wa kwenu. Siku amani itakaporudi, yeye ndiye atakayeonyesha njia.