Nyasi za Ng'ombe wa Kikuyu Zilivyofika Los Angeles

Mwaka 1836, pale St Andrews, Scotland, mwalimu mmoja aitwaye Samuel Messieux alipiga mpira wa gofu ukaenda yadi 361, yaani mita 330. Mipira ya enzi hizo ilikuwa vifuko vya ngozi vilivyoshindiliwa manyoya ya ndege, na kuufikisha yadi 200 tayari lilikuwa jambo la kujivunia. Sasa hizo nyingine Messieux alizipata wapi? Inasimuliwa kwamba siku hiyo upepo ulikuwa unavuma kutoka mgongoni kwake na ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi. Mpira ulipotua, ulidunda na kubingirika kama uko sakafuni.

Ukitaka kisa cha karibu zaidi, kipo cha mwaka 1992. Huko Texas, Carl Cooper alipiga mpira ukaangukia kwenye njia ngumu ya vigari vya wachezaji, ukaendelea kubingirika mpaka yadi 787. Hizo ni mita 720! Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kurusha mpira umbali huo. Kilichotokea ni kwamba mpira ulikosa nyasi za kuusimamisha.

Navitaja visa hivi kwa sababu moja. Desemba 2023, vyama viwili vinavyotunga sheria za gofu duniani, USGA cha Marekani na R&A cha St Andrews, vilitangaza mpango wa kubadili kanuni za kupima mipira, kwa kuwa wachezaji wa siku hizi wanapiga mbali mno. Mjadala wote ukawa juu ya mpira na fimbo. Mimi nadhani kuna mshitakiwa wa tatu ambaye hajaitwa kizimbani: nyasi. Na mmoja wa ukoo wake pengine umewahi kumkata kwa panga ukampelekea ng'ombe.

Kwanza tuelewane kuhusu uwanja. Kati ya mahali pa kupigia mpira wa kwanza na eneo laini lenye shimo, kuna ukanda mrefu wa nyasi zilizokatwa fupi. Huo nitauita njia. Mpira ukitua njiani hufanya mambo mawili: hudunda, halafu hubingirika. Kwenye kudunda, ugumu wa udongo ndio wenye kauli kubwa. Kwenye kubingirika, nyasi zinashika usukani. Kila jani ambalo mpira unalilaza linakula nishati kidogo, na halirudishi yote. Majani yakiwa mapana, magumu na yamesimama, mpira unalipa ushuru mkubwa kila sentimita. Yakiwa membamba na mafupi, ushuru unapungua.

Hesabu yake ni ya kidato tu. Umbali wa kubingirika ni mwendokasi mara mwendokasi, gawanya kwa mara mbili ya kiwango cha kupungua kwa mwendo. Tuseme mpira una mita 3 kwa sekunde na unapunguza mwendo kwa 0.55 kila sekunde, kama kwenye eneo laini la shimo. Utakwenda mita 8 na kidogo. Zidisha ukinzani huo mara tatu, utaishia mita 2.7. Mpira ni uleule, mpigaji ni yuleyule, kilichobadilika ni majani tu.

Kule Scotland, gofu ilikulia kwenye ardhi ya mchanga kando ya bahari. Udongo maskini, upepo, kondoo na sungura. Nyasi zilizovumilia maisha hayo ni feskyu, zenye majani membamba kama nyuzi, na maji hayatuami kwenye mchanga. Kwa hiyo mchezaji wa kule alijifunza kupiga chini na kuuacha mpira utembee wenyewe. Mashine ya kukata nyasi, aliyoipatia hataza Edwin Budding huko Uingereza mwaka 1830, ilikuja baadaye kufanya kazi ya kondoo kwa unadhifu zaidi.

Mchezo ulipohamia kusini mwa Marekani, feskyu ilishindwa na joto. Hapo ndipo Afrika inaingia, na inaingia na ukoka. Ndiyo, ukoka huuhuu unaotambaa uani kwako. Wamarekani wanauita kwa jina la visiwa vya Bermuda, lakini jamaa zake wengi ni wa bara hili. Mtafiti Glenn Burton, aliyefanya kazi Tifton katika jimbo la Georgia, alitumia miaka mingi kuzalisha aina bora za ukoka. Aina mojawapo iliyotamba sana kwenye njia za gofu, Tifway, haikutokana na mpango wa mtu. Mwaka 1954 kulifika mbegu za ukoka mwembamba wa Afrika Kusini kutoka Johannesburg, na ndani yake mkawa na chotara aliyejizalia mwenyewe. Burton akamwona, akamtunza, na mwaka 1960 akatolewa kwa wakulima. Chotara huyu ni tasa, hatoi mbegu. Kila kiwanja cha Tifway duniani kimepandwa kwa vipande vya mashina, kama tunavyopanda viazi vitamu kwa marando.

Majani yake ni membamba, yanasongamana, na yanavumilia kukatwa hadi karibu sentimita moja. Mpira unakaa juu yake vizuri na unatembea. Ukiniuliza umbali wa gofu ya kisasa umetoka wapi, nitakwambia usiisahau hii: njia zimekatwa fupi kuliko zamani, kwa sababu zimepatikana nyasi zinazokubali kukatwa hivyo.

Sasa tuje kwa yule ndugu mwingine, anayefanya kinyume kabisa. Nyasi za Kikuyu ni za nyanda za juu za Afrika Mashariki, na zimepewa jina la Wakikuyu wa Kenya. Jina lake la kisayansi lina neno la Kilatini lenye maana ya kujificha, kwa sababu ua lake limefichwa ndani ya ala ya jani, na kinachochungulia nje ni nyuzi nyeupe tu. Zina mashina yanayotambaa juu ya udongo na mengine chini yake, kwa hiyo ukizing'oa huku zinaibukia kule. Mfugaji anazipenda kwa sababu hiyohiyo.

Karibu mwaka 1918 zilipelekwa California kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko na kingo za mifereji. Kazi hiyo zilifanya, tena zikazidisha. Zikatambaa zikaingia mashambani, bustanini na viwanjani. Leo serikali ya Marekani inazihesabu miongoni mwa magugu hatari. Lakini Riviera, uwanja wa Los Angeles uliobuniwa na George Thomas na kufunguliwa miaka ya 1920, ziliteka njia zote, na wenye uwanja wakaishia kuzikubali. Ben Hogan alishinda hapo mashindano ya Los Angeles mwaka 1947 na 1948, kisha mwaka huohuo wa 1948 akachukua ubingwa wa wazi wa Marekani palepale. Golf ya Olimpiki ya 2028 nayo imepangiwa uwanja huo.

Kwenye nyasi za Kikuyu mpira unakaa juu kama umewekwa mezani, raha ya kuupiga. Lakini jaribu ile mbinu ya Scotland, ya kuutua mpira kabla ya shimo ili utembee wenyewe! Majani mapana na magumu yanaudaka, unadunda mara moja, unalala. Mchezaji mgeni anakasirika. Wazoefu wanaurusha juu mpaka kwenye shimo.

Kenya kwenyewe kuna mchezo wa kuvutana. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Mpira unapaa mbali zaidi, halafu ukitua kwenye Kikuyu unanyimwa mbio. Hewa inatoa, nyasi zinachukua.

Unaweza kuyapima haya mwenyewe. Mwaka 1935 Edward Stimpson, mchezaji wa Massachusetts, aliona mipira ikishindwa kusimama kwenye mashindano ya Oakmont, akaunda mfereji mwembamba wa mbao wa kuachilia mpira kwa mwendo uleule kila mara. USGA waliuboresha kwa alumini miaka ya 1970, na bado unatumika. Wewe tafuta kipande cha bomba la plastiki kilichopasuliwa katikati, kama mita moja. Kiinamishe kwa pembe ileile kila mara, achia mpira mdogo mgumu kutoka alama ileile, kisha upime kwa futi kamba. Rudia upande wa pili, kwa kuwa majani hulalia upande mmoja na ardhi haiko sawa kabisa, halafu chukua wastani. Anza na sakafu, kisha ukoka uliokatwa, kisha Kikuyu kama unaishi kwenye baridi. Usipime asubuhi kukiwa na umande, maana maji nayo yanatoza ushuru wake.